Kumfundisha mtoto wa miaka 13 mantiki nyumbani: anza na ubishi, alama zitakuja zenyewe

Mzazi mwenzangu unayesomesha nyumbani, ukisikia mantiki usiwaze kwanza vile vialama vya p na q na mishale. Vialama vipo, ila vinakuja mwishoni, na mtoto akifika huko ameshaiva wala havimsumbui. Kitu cha kumfundisha ni kimoja tu: ukimpa hoja, akae atafute mfano wa kuivunja, akiupata hoja imekufa, akiukosa kabisa aweze kukueleza kwanini mfano huo hauwezi kupatikana. Hayo mengine yote nitakayoandika hapa chini ni njia za kumfikisha hapo.

Huku kwetu Tanzania mantiki kama mada ya darasani inakuja kidato cha tano, tena kwa wale wa Hesabu za Advansi, wa tahasusi zenye hesabu kama PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu), wengine wanamaliza shule hawajaiona kabisa. Mi naona kumsubirisha mtoto mpaka huko ni kumchelewesha bure, maana miaka 12 mpaka 14 ndo umri ambao anabisha kila kitu humo ndani, ubishi upo tayari, kazi yako ni kuupa njia.

Vitu vya kuandaa: kaunta buku moja, chaki, maharage kiganja kimoja, boksi la kukata kadi na maka peni. Laptopu haihitajiki, na hii ni raha yake, siku umeme umekatika Moshi nzima somo linaendelea vilevile kwenye kibaraza. Muda ni nusu saa mpaka dakika 40, mara tatu kwa wiki inatosha, ukizidisha anachoka na akichoka anaanza kukuitikia tu. Fundisha kwa Kiswahili kwanza hata kama masomo mengine anasoma kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto anabisha kwa lugha anayoongea na wenzake, na usichotaka ni awe anahangaika na lugha na hoja kwa wakati mmoja. Akishaelewa unamhamishia kwenye maneno ya kitabu, hiyo ni kazi ya siku mbili tatu.

Hatua ya 1: Kauli ni ipi, isiyo kauli ni ipi

Hapa pita haraka. Kauli ni sentensi ambayo inaweza kuwa kweli au uongo. "Funga geti" sio kauli. "Umekula?" sio kauli. "Mawenzi ni mrefu kuliko Meru" ni kauli na ni kweli, Mawenzi (kilele cha Kilimanjaro, kama Kibo) ina mita 5,149 na Meru haifiki hata 4,600. "Meru ni mrefu kuliko Kibo" nayo ni kauli, ya uongo, lakini kauli. Watoto wengi wanadhani kauli ya uongo sio kauli, mrekebishe hapo hapo maana itamsumbua mbele. Mwambie aandike kauli kumi, tano kweli tano uongo, wewe uotee zipi ni zipi, halafu mbadilishane. Akikuletea "mtori ni mtamu" mbishane kidogo kama hiyo ni kauli au ni ladha ya mtu, kisha muiache, haina mwisho.

Hatua ya 2: Kuona hoja kwenye maneno ya watu

Hoja ina sababu na ina hitimisho. Kwenye mazungumzo hitimisho mara nyingi linatangulia, mtu anasema "hiyo nyumba usipange, maji yanatoka mara moja kwa wiki", na mtoto anatakiwa aone kwamba "usipange" ndo hitimisho na maji ndo sababu. Mpe kazi ya kusikiliza: kwenye kifodi (daladala), sokoni Mbuyuni, redioni, akirudi aandike hoja tatu alizozisikia, sababu juu, mstari, hitimisho chini. Mstari uwepo, usiuruke, ndo anaouona kwa macho kwamba hapa kuna kuruka kutoka kitu kimoja kwenda kingine.

Halafu sasa kuna sababu zilizojificha, na hapa kaeni. Mfano wa kwetu kabisa: "Huyu Mchaga huyu, hela hawezi kukosa." Mwandikie:

Huyu ni Mchaga.
————
Huyu ana hela.

Muulize, ili uruke kutoka juu kwenda chini unahitaji kuamini nini ambacho hakijasemwa? Atakwambia "Wachaga wote wana hela". Sawa, iandike katikati. Sasa aivunje. Na kama mtoto wako ni Mchaga anaishi na wewe, mfano wa kuivunja hahitaji kwenda mbali, ajiangalie mfukoni.

Hiyo ndo picha ya kazi yote, wanasema hoja ina nguvu kumbe nguvu yake iko kwenye sentensi ambayo hakuna aliyeitamka.

Hatua ya 3: Halali ni kitu kingine, kweli ni kitu kingine

Hapa ndo moyo wa somo, ukiharakisha hapa umeharibu yote. Kauli ni kweli au uongo. Hoja ni halali au si halali. Hoja halali maana yake: haiwezekani sababu zote ziwe kweli halafu hitimisho liwe uongo. Haisemi kwamba sababu ni kweli. Haisemi kwamba hitimisho ni kweli. Inasema tu kwamba zile zikiwa kweli, hili halina pa kukimbilia.

Mpe hii kwanza:

Milima yote ya Tanzania ina barafu mwaka mzima.
Meru ni mlima wa Tanzania.
Kwa hiyo Meru ina barafu mwaka mzima.

Atacheka, atakwambia ni uongo. Mwambie ndiyo ni uongo, lakini sijakuuliza kama ni uongo, nimekuuliza kama ingekuwa kweli ile ya kwanza na ya pili, ya tatu ingeweza kukwepa? Haiwezi. Kwa hiyo hoja ni halali, ila imejengwa na sababu mbovu. Halafu mpe ya pili, hii ndo inayowachanganya hata watu wazima:

Miji yote ya mkoa wa Kilimanjaro iko Tanzania.
Moshi iko Tanzania.
Kwa hiyo Moshi ni mji wa mkoa wa Kilimanjaro.

Kila sentensi hapo ni kweli. Zote tatu. Mtoto atakwambia hoja nzuri kabisa. Mwambie toa Moshi, weka Arusha. Arusha iko Tanzania, kweli. Kwa hiyo Arusha ni mji wa Kilimanjaro? Kimya. Umbo ni lilelile, sababu bado ni kweli, hitimisho limekuwa uongo. Hoja si halali, na haikuwa halali tangu ilipokuwa na Moshi, ilikuwa na bahati tu.

Hiyo mbinu ya kubadilisha majina umbo likabaki ndo mfano wa kuvunja. Arudie mpaka mikono ikariri. Mpe hoja tano kwa siku, nyingine halali nyingine si halali, changanya za kweli na za kuchekesha, sungura wote ni madereva, madereva wote wana leseni, endelea. Za kuchekesha zinasaidia sana kwa sababu mtoto hana maoni juu ya leseni za sungura, anabaki na umbo peke yake. Za siasa na za mpira ziache mpaka baadaye, huko macho yanaenda kwenye timu yake.

Akikwambia "hii ni halali" usikubali kirahisi. Muulize, umejaribu kuivunja mara ngapi? Akikwambia "hii si halali" muulize, mfano uko wapi? Bila mfano hajasema kitu.

Hatua ya 4: Wote, hakuna, baadhi

Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alizigawa kauli za namna hii katika mafungu manne, na mpaka leo tunatumia hayohayo: wote A ni B, hakuna A aliye B, baadhi ya A ni B, baadhi ya A sio B. Ukizipanga tatutatu kwa kila namna unapata maumbo 256, na yanayosimama kwa hesabu ya zamani ni 24 tu. Walimu wa zamani walikuwa wanawakaririsha wanafunzi kwa majina ya kubuni ya Kilatini. Wewe usikaririshe, chora.

Kabla ya kuchora maliza mambo mawili. La kwanza, "baadhi" kwenye mantiki maana yake angalau mmoja, inawezekana hata ni wote. Mtoto atakataa, kwa sababu mtaani ukisema baadhi wamefika watu wanaelewa wengine hawajafika. Mwambie hapa tunachukua kile kilichosemwa tu, hatuongezi.

La pili ni kukanusha "wote", na hili kwa Kiswahili chetu lina mtego wa kweli. Fikiria ubarikio (sherehe ya kipaimara), watu wamejaa kwenye turubai, mtu anakuja mbio jikoni anasema "wageni wote hawajala". Mama mwenye sufuria afanye nini? Ikiwa maana yake hakuna hata mmoja aliyekula, sufuria zote zitoke sasa hivi. Ikiwa maana yake ni kwamba wengine wamekula wengine bado, inatosha sinia mbili za pilau. Sentensi ni ileile na watu wanaitumia kwa maana zote mbili. Kwenye daftari la mantiki hatuiandiki kabisa. Tunaandika "hakuna mgeni aliyekula", au tunaandika "kuna mgeni ambaye hajala". Na kinyume cha "wageni wote wamekula" ni hiyo ya pili. Ya kwanza ni kubwa mno, inasema zaidi ya kukanusha. Mzungushe hapo siku nzima: kinyume cha "kila kifodi kimejaa"? Kuna kifodi ambacho hakijajaa. Kinyume cha "hakuna ndizi iliyoiva"? Kuna ndizi angalau moja iliyoiva. Asipoteleza hapa, huko mbele kwenye hesabu za kuthibitisha atakushukuru.

Sasa chaki. Chora sakafuni maduara matatu yanayoingiliana, ule mchoro wa seti alioutoa John Venn mwaka 1880, ambao hata kwenye hesabu za sekondari upo. Kanuni mbili: sehemu ambayo tunajua haina mtu tunaisuguasugua kwa chaki mpaka iwe nyeupe, sehemu ambayo tunajua ina mtu tunaweka haragwe. Sehemu tusiyoijua tunaiacha ilivyo.

Chukua hii: Wapagazi wote wana kadi. Baadhi ya wapagazi ni wanawake. Kwa hiyo baadhi ya wenye kadi ni wanawake. Duara moja wapagazi (wagumu, kama tunavyowaita), moja wenye kadi, moja wanawake. Anza na sentensi ya "wote" kila mara: sugua chaki kwenye sehemu yote ya wapagazi iliyo nje ya kadi, huko hakuna mtu. Sasa haragwe: kuna mpagazi mwanamke, liende pale wapagazi na wanawake wanapokutana, lakini nusu ya pale imeshasuguliwa, kwa hiyo haragwe halina ujanja, linaangukia kwenye kipande cha katikati kabisa. Mwambie asome: je kuna haragwe ndani ya kadi na wanawake? Lipo. Halali.

Halafu geuza: Wapagazi wote wana nguvu. Baadhi ya wenye nguvu ni wanamuziki. Kwa hiyo baadhi ya wapagazi ni wanamuziki. Sugua kwanza. Haragwe sasa linatakiwa liwe kwenye nguvu na wanamuziki, ila hapo kuna vipande viwili, kimoja ndani ya wapagazi kimoja nje, na hakuna aliyesema liende wapi. Liweke juu ya mstari. Haragwe likikaa juu ya mstari, hitimisho halijapatikana. Watoto wanapenda sana hiyo ya haragwe kukaa mstarini, wangu anaita haragwe liko kijiweni, halijui linaenda wapi.

Hatua ya 5: Kama hivi, basi vile

Chukua "kama mvua imenyesha, basi njia ya Rau ina tope". Kuna safari nne za kutoka hapo, mbili zinafika mbili hazifiki:

Mvua imenyesha, kwa hiyo kuna tope. Inafika.
Hakuna tope, kwa hiyo mvua haijanyesha. Inafika.
Kuna tope, kwa hiyo mvua imenyesha. Haifiki, labda bomba limepasuka.
Mvua haijanyesha, kwa hiyo hakuna tope. Haifiki, bomba lilelile.

Zile mbili zinazofika zina majina ya Kilatini atakayokutana nayo vitabuni, kwa sasa usimjaze. Hakikisha tu kwamba kwa zile mbili mbovu anakuletea bomba lake mwenyewe kila mara, asikariri la kwako.

Baada ya hapo mpe mtihani wa kadi. Huu alitoa mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, mwaka 1966, na watu wazima wenye digrii zao wengi wanaanguka. Kata kadi nne kwenye boksi, kila kadi upande mmoja herufi upande mwingine namba. Mezani zinaonekana E, K, 4, 7. Sheria: kama upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Swali: ufunue kadi zipi, hizo tu za lazima, ili kujua kama sheria imevunjwa? Wengi wanasema E na 4. Jibu ni E na 7. Kadi ya 4 haiwezi kuvunja chochote, nyuma yake pawe na irabu au konsonanti, sheria haijaguswa. Lakini nyuma ya 7 pakiwa na irabu, sheria imekufa. Usimwambie, muache afunue, na hakikisha nyuma ya 7 umeandika A ili aone kwa macho.

Sasa toa kadi nyingine nne: MBEGE, SODA, 40, 13. Upande mmoja kinywaji, upande wa pili umri wa mnywaji. Sheria: kama anakunywa mbege (pombe ya ndizi), basi ana miaka 18 au zaidi. Nani wa kukaguliwa? Hapa hata mdogo wake wa darasa la tatu atakwambia haraka: mwenye mbege, na yule wa miaka 13. Hakuna anayehangaika na mzee wa miaka 40. Ziweke kadi za herufi juu, za mbege chini, mstari kwa mstari, E juu ya MBEGE, K juu ya SODA, 4 juu ya 40, 7 juu ya 13. Umbo ni lilelile. Muache aangalie mwenyewe kidogo, usiongee. Kipande hiki mi nakipenda kuliko vyote kwenye mantiki nzima, kwa sababu mtoto anaona kwamba uwezo alikuwa nao, tatizo lilikuwa ni irabu na shufwa kumfunika macho, na kesho akikwama kwenye kitu kigeni anajifunza kujiuliza, hapa mbege ni ipi?

Ongezea na "tu" na "mpaka", maana huku nyumbani ndo zinaleta ugomvi. "Wenye tiketi tu ndo wanaingia uwanja wa Ushirika" haisemi kila mwenye tiketi anaingia, inasema aliyeingia ana tiketi. Na "hutoki mpaka umalize vyombo" inasema ukiwa umetoka basi vyombo vimeisha, haijaahidi kwamba vyombo vikiisha unatoka. Binti yangu hili lilimuuma sana.

Hatua ya 6: Sasa jedwali na alama

Huku pita kwa mwendo wa kawaida, kazi kubwa imeshaisha. Herufi p na q zinashika nafasi ya kauli. Alama ∧ ni na, ∨ ni au, ¬ ni kukanusha, → ni kama basi. K ni kweli, U ni uongo. Jedwali ni orodha ya kila namna ambavyo herufi hizo zinaweza kuwa K au U. Herufi mbili jedwali lina mistari 4, tatu 8, nne 16, kila ukiongeza herufi mistari inajizidisha mara mbili. Akipanga kila siku kwa mpangilio uleule, KK, KU, UK, UU, hatasahau mstari. Na mwambie mapema kwamba "au" ya kwenye jedwali inakubali vyote viwili, sio ile ya "chai au uji" ya kuchagua kimoja.

Atakwama sehemu moja tu, mshale:

p q | p → q
K K | K
K U | U
U K | K
U U | K

Atauliza, mbona p ikiwa uongo yote inakuwa kweli? Tumia ahadi. "Ukimaliza hiki kitabu nitakupeleka kuogelea Chemka." Lini nimekuwa muongo? Umemaliza na sijakupeleka, hapo tu. Hujamaliza na nimekupeleka, mzazi ana huruma, sijadanganya. Hujamaliza na hatujaenda, sijadanganya. Mstari mmoja tu ndo unaonifunga. Mtoto mjanja atasema "lakini ukisema hivyo ina maana nisipomaliza hatuendi". Mpongeze, halafu mwambie hiyo ni ahadi ya pili ambayo sijaitoa, kama unaitaka tuiandike nayo, na tukiziunganisha mbili tunapata mshale wenye vichwa pande zote.

Hapa pia ndo pa kumpa sheria za De Morgan: kukanusha "umeme umekatika na maji yamekatika" ni "umeme haujakatika au maji hayajakatika". "Na" inageuka "au", na kinyume chake. Athibitishe mwenyewe kwa jedwali la mistari minne, asikuamini.

Kama mtoto anapenda vifaa, nenda kwa fundi redio yeyote akuuzie betri, taa ndogo, waya na swichi mbili. Swichi mbili kwa mfululizo, taa inawaka zote zikiwashwa tu, hiyo ni "na". Swichi mbili sambamba, ni "au". George Boole aliandika hii hesabu ya kweli na uongo mwaka 1854 bila kuwaza umeme wowote, halafu mwaka 1937 kijana wa Marekani, Claude Shannon, kwenye tasnifu yake akaonyesha kwamba saketi za swichi zinafuata hesabu hiyohiyo, na simu unayosomea hapa imejaa hizo swichi ndogondogo. Mtoto asiyependa vifaa usimlazimishe, hasara hakuna.

Hatua ya 7: Kuthibitisha kwa mistari

Mpe sheria chache tu, zile mbili zinazofika za hatua ya 5, kuunganisha mishale miwili, na "p au q, sio p, kwa hiyo q". Kila mstari una namba, na pembeni anaandika umetoka wapi:

1. Kama mvua imenyesha, basi kuna tope. (tumepewa)
2. Kama kuna tope, basi kifodi hakijapanda. (tumepewa)
3. Kifodi kimepanda. (tumepewa)
4. Hakuna tope. (2 na 3)
5. Mvua haijanyesha. (1 na 4)

Kisha aandike hiyohiyo kwa herufi. Mstari usio na maelezo pembeni unafutwa, hata kama ni sahihi, na usimwonee huruma hapo. Akizoea mpe ile ya kudhani kinyume: thibitisha kwamba hakuna namba nzima iliyo kubwa kuliko zote. Tudhani ipo, iite N. N jumlisha 1 nayo ni namba nzima, na ni kubwa kuliko N. Lakini tulisema N ndo kubwa kuliko zote. Vimegongana, kwa hiyo dhana yetu imekufa. Mistari minne, na hiyo ni hesabu ya wakubwa kabisa.

Kuhusu adabu, na orodha za makosa

Kwenye intaneti utakuta orodha ndefu za makosa ya hoja zenye majina makubwa, watu wanawapa watoto wazikariri. Mi sishauri kuanza nazo. Mtoto wa miaka 13 ukimpa orodha ya majina ya makosa anakuwa polisi wa nyumba, anamkamata kila mtu, na yeye mwenyewe hajui kujenga hoja hata moja. Ajue kujenga na kuvunja kwanza.

Na lazima ataanza kuijaribu mantiki yake kwa wakubwa. Binti yangu, bibi yake wa Machame alimwambia usifagie usiku, unafukuza riziki, yeye akasema "shikamoo bibi, samahani, naomba niulize, mbona Mangi wa hapo chini anafagia duka usiku kila siku na wateja wanajaa?" Bibi akajibu "Mangi ana mambo yake". Swali lilikuwa zuri na lilikuja na adabu, nikamuacha. Njiani kurudi ndo nikamwambia aandike: kauli ya kwanza ya bibi ilikuwa "kila", ya pili imekuwa "kila, isipokuwa Mangi". Sheria yetu ni hiyo, kwa mkubwa unauliza, huhukumu, na ukishauliza mara moja unanyamaza, mengine unakuja nayo kwenye daftari.

Hatua ya 8: Jaribio la mwisho

Mpe haya manne bila msaada, saa moja.

Moja. Kila anayelala njiani akipanda Kibo kwa njia ya Marangu analala kwenye kibanda. Mgeni fulani amelala kwenye kibanda mlimani. Kwa hiyo alipanda Kibo kwa njia ya Marangu. Halali? Kama sio, vunja. (Si halali. Njia ya kupanda Meru nayo ina vibanda, anaweza kuwa alilala huko.)

Mbili. Kama umeme umekatika, saluni imefungwa. Saluni iko wazi. Unapata nini? (Umeme haujakatika. Akiandika "labda wana jenereta" mwambie sentensi ya kwanza imeshakataa jenereta, kama haiamini aseme haiamini, lakini hoja ni halali.)

Tatu. Kanusha: "Kila duka la Mbuyuni linauza mchele na maharage." (Kuna duka Mbuyuni ambalo haliuzi mchele au haliuzi maharage. Wengi wanapatia nusu, wanageuza "kila" wanasahau kugeuza "na".)

Nne. Tunga hoja isiyo halali ambayo sentensi zake zote tatu ni kweli, halafu uivunje mwenyewe. Hili halina jibu moja, unasahihisha kwa kuangalia kama mfano wake wa kuvunja umeacha sababu zote mbili zikiwa kweli. Zikibaki kweli na hitimisho likaanguka, amepata. Sababu moja ikianguka pamoja na hitimisho, hajavunja kitu, rudini hatua ya 3 na Arusha yenu.